Chuo kimetuita mkutano Alhamisi, tuwaambie nini?

Jirani_wa_Ukuta (Jumatatu usiku)

Wadau habari za jioni. Naomba mawazo ya haraka juu mkutano ni Alhamisi saa nne na mimi ndio nimetumwa kuongea.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wakazi mtaani kwetu hapa Nairobi, upande mmoja tuko na barabara kubwa na upande ule mwingine ni ukuta wa chuo kikuu. Chuo sitakitaja, bado tunataka watupokee na chai. Nimeishi hapa miaka 19, wakati nakuja hakukuwa na ukuta, ilikuwa tu ua wa kaiyaba na watoto wetu walikuwa wanakatiza katikati ya chuo kwenda shule, askari anawajua mpaka majina, mvua ikinyesha anawaingiza kibandani kwake.

Sasa wiki jana tumeletewa barua ina mhuri na kila kitu, ati wanataka kukaa na "wadau wa jamii jirani" tujadili vile tunaweza kushirikiana. Kurasa mbili. Nimeisoma mara tatu na sijaona wanataka nini haswa. Mara ya mwisho walikuja mtaani ilikuwa ni kupanda miti, tukapigwa picha tumeshika jembe, miti ikaliwa na mbuzi kabla hata picha hazijatoka.

Na watu wamekasirika, sitaficha. Kulikuwa na shimo kwenye ukuta nyuma ya hosteli, ukubwa kama dirisha la bafu hivi. Mama mmoja jirani yangu alikuwa anauzia hapo mandazi na chai, mwanafunzi anatoa mkono na kikombe chake mwenyewe, anapimiwa, analipa na simu, maisha yanaendelea. Askari wenyewe walikuwa wateja wake wa saa kumi na moja asubuhi. Mwezi uliopita wakaliziba usiku kwa mawe na simiti bila kumwambia mtu. Huyo mama amefika na beseni yake ya mandazi kichwani, bado giza, anapapasa ukuta na mkono akidhani amekosea mahali. Aliuza mandazi kumi na mbili hiyo siku. Kumi na mbili!

Halafu kuna maji taka yanayomwagika upande wetu, kuna kelele za Ijumaa, kuna vijana wetu hawapati hata kazi ya kufyeka nyasi huko ndani, na kuna hawa watu wa utafiti wanakuja na dodoso kila muhula kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku na hatuwaoni tena. Lakini pia tusidanganyane, bila hao wanafunzi huu mtaa ni kaburi, 2020 vyuo vilipofungwa sababu ya korona ploti zilibaki tupu, landilodi wangu mwenyewe akarudi kijijini.

Swali: nikiwa pale mbele niombe nini? Watu wamenipa vitu 23, nimeviandika, hata mimi nikivisoma najiona kama mwendawazimu.

---

MsemaKweli_Eastlando

Boss enda ukule lunchi urudi nyumbani. Hizo mikutano nimeenda ngapi. Wanataka picha ya ripoti ya mwaka na karatasi ya mahudhurio. Hio karatasi ndio ujichunge nayo, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unaweka sahihi, kesho unasikia "jamii ilihusishwa" kwa kitu hata hukukisikia. Sisi kwetu tuliwekea sahihi soda na mkate, ikaja kuonekana tulikubali barabara ifungwe.

Kama lazima uende basi usiweke sahihi mwanzo. Weka mwisho, na juu ya sahihi andika na mkono wako kile mmekubaliana, ama andika "hatujakubaliana kitu". Utaona vile watakuangalia.

---

Lekchara_Mchovu

Jirani, mimi nafundisha (si kwa chuo chenu, msinitafute) kwa hivyo niwaeleze kidogo inakaaje ukiwa ndani ya huo ukuta, si kuwatetea.

Kwanza ukuta. Watu wanadhani ni kiburi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa bado hosteli alfajiri. Baada ya hapo vyuo vingi nchini vilikaza lango, kamera, mashine za kukagua mifuko, kitambulisho hata kama askari anakujua tangu ukiwa fasti yia. Kwa hivyo ukienda kuongea juu ya shimo usianze na "mlituzibia", utakutana na mkuu wa usalama na yeye ana jibu moja tu, na hilo jibu huwezi kulishinda kwenye mkutano. Usiombe shimo. Omba mlango. Mlango una askari, una saa za kufunguliwa na kufungwa, shimo halina mwenyewe.

Pili, na hii ndio shida yenyewe, uhusiano na mtaa si kazi ya mtu yeyote. Mimi nikitaka kupanda cheo nahesabiwa makala nilizochapisha, wanafunzi wa uzamili niliowasimamia, na pesa za utafiti nilizoleta. Jumamosi nzima nikikaa na chama chenu nikiwasaidia kupanga vitabu vya hesabu, hiyo kwenye fomu yangu ni mstari mmoja chini kabisa. Wenzangu wengine wanafundisha kwa vibarua na malipo yanachelewa mpaka mtu anasahau alifundisha somo gani. Kwa hivyo mtu anayekuja kwenu anakuja kwa roho yake, akihama ama akichoka mambo yanakufa. Waulize waziwazi: nani? Jina na nambari ya simu, na yeye akiondoka anamwachia nani.

Tatu hao wa dodoso. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inaposema kazi ya chuo ni nini, kusambaza matokeo ya utafiti kwa jamii imo. Na mtu anayefanya utafiti nchini anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi. Hiyo leseni ni karatasi, mnaweza kuomba kuiona, hakuna atakayewafunga. Sasa nyinyi ongezeni sharti lenu la mtaa: ukituuliza maswali, kabla muhula ujao haujaanza unarudi kwa baraza la chifu na ukurasa mmoja wa Kiswahili kutuambia ulipata nini. Ukurasa mmoja. Mwanafunzi anayeshindwa na hiyo hajaelewa utafiti wake, na mimi kama msimamizi ningependa sana kujua hilo mapema.

---

Mama_Madondo

Mimi niko na kibanda karibu na lango la chuo kingine, mwaka wa kumi na moja huu. Wanangu wa kuzaa ni watatu lakini wa kulisha sijui ni mia ngapi.

Nataka huyo ndugu awaambie kitu kimoja wasichojua. Sisi ndio benki. Mkopo wa wanafunzi wa HELB ukichelewa si chuo kinalisha hawa watoto ni sisi. Niko na daftari la kurasa 200, la tano hili. Naandika jina, mwaka wa masomo na alichokula: "Brayo, tatu, chapo mbili madondo, 70", yaani mwaka wa tatu, chapati mbili na maharagwe, shilingi 70. Brayo wako wanne kwa hivyo huyu nimemwekea "Brayo miwani" na yule "Brayo wa kukohoa". Muhula ukiisha vibaya ndio mimi najua nani amehama usiku. Lakini kuna mmoja alipotea na deni la 2,350, nikamsamehe moyoni, baada ya miaka minne simu ikalia M-Pesa imeingia 3,000 na meseji "mathe samahani nilipata kazi mwezi uliopita". Nililia hapo hapo mbele ya wateja, madondo yakaungua.

Sasa sisi na hao wakubwa wa chuo hatujuani hata kwa salamu. Mtoto akikaa siku mbili bila kula mimi ndio naona kwanza, akianza kulewa asubuhi mimi ndio naona, na sina pa kupeleka hiyo habari. Niende kwa lango nimwambie nani? Askari ataniuliza nina miadi. Basi Jirani, huyo mtu wa jina na nambari lekchara amesema, mwambie hata sisi wa vibanda tuwe na nambari yake. Kwa hilo sidai pesa.

Na mambo ya kandarasi ya kantini wakitangaza wasitangaze kwa mtandao peke yake na masharti ya mamilioni. Wagawe. Hata chapati peke yake wape kikundi cha wamama.

---

Ramani_Mkononi

Nilisomea mipango miji Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN) na kitu kimoja nilichoshiriki kabla sijamaliza kilinibadilisha kichwa kabisa, nitakisema juu naona watu wanaongea kama chuo na mtaa haviwezi.

Mukuru, mitaa ya mabanda hapa Nairobi. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, kaya zaidi ya laki moja. Ilikuwa imeanza miaka ya nyuma na utafiti, UoN walikuwemo, Chuo cha Strathmore walikuwemo upande wa sheria na fedha, kulikuwa na Berkeley ya Marekani, lakini tofauti ilikuwa Muungano wa Wanavijiji (chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda) na mfuko wao wa Akiba Mashinani walikuwa wameshika usukani pamoja nao. Na kitu walichokionyesha kila mtu wa Mukuru alikuwa anakijua ila hakikuwa kimeandikwa: maskini analipa maji na stima bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wa kifahari, kwa sababu ananunua mtungi kwa mtungi na stima ya mtu wa kati. Ikishaandikwa na namba zake, serikali ya kaunti haikuweza tena kusema "ni maneno ya mtaani".

Sasa mimi kama mwanafunzi nilienda na simu yenye programu ya ramani nikijiona mtaalamu. Siku ya pili nimechora kijia kizuri kimenyooka, mama mmoja akanichungulia begani akaninyang'anya kalamu kwa karatasi, akaniambia "kijana hii si njia, hii ni sebule yangu". Na kweli, ile njia watu walikuwa wanapita kwake ndani asubuhi kwa sababu mtaro ulikuwa umefurika. Sina kitabu kilichonifundisha hivyo.

Kwa hivyo Jirani hiyo orodha yako ya vitu 23 usiitupe ila usiende nayo. Chukua moja inayohitaji kupimwa. Maji taka kwa mfano. Kama wana wahandisi ama wapimaji waambie muhula huu darasa moja lipime huo mtaro pamoja na vijana wenu wanne, vijana walipwe hata kama ni kidogo, na michoro ibaki na nakala kwenu. Ukienda kwa MCA (mwakilishi wa wadi) na mchoro wenye mhuri wa chuo anakaa wima.

---

BodaWaKawangware

Wee huko juu mmeandika kama mtihani 😂 mimi yangu ni fupi

uliza wanafundisha nini. hio tu. Mimi jino lilinisumbua mwaka juzi nikaambiwa bei ya kliniki nikaona heri nife nalo, abiria mmoja akanishow kuna hospitali ya meno ya UoN hapo Argwings Kodhek, wananchi wanatibiwa na wanafunzi, daktari mkubwa amesimama nyuma. Enyewe ilichukua mda, kijana alikuwa anatetemeka kuliko mimi, nikamwambia bro tulia hili jino litatoka tu. Likatoka. Bei yenyewe nililipa bila kuuza pikipiki. Na mbwa wa shosho yangu alipelekwa Kabete kwa wanafunzi wa mifugo, akapona, sai anabweka zaidi ya zamani.

yaani hapo chuo hakikutoa msaada. Kilikuwa kinahitaji meno, na mimi nilikuwa nayo. Kama chuo chenu kinafundisha sheria waje wawasaidie na barua za ploti, kama ni uhasibu wapige hesabu ya chama, kama ni ualimu waje wafunze watoto Jumamosi. Usiwaombe kitu hawafundishi

---

MsemaKweli_Eastlando

Boda iko sawa lakini muhula ni wiki ngapi, kumi na nne hivi? Toa mtihani, toa siku za mgomo. Watoto wakizoea mwalimu ameenda atachimenti, mafunzo ya kazini. Kila Septemba mnaanza upya na sura mpya anauliza "choo kiko wapi".

---

Lekchara_Mchovu

Hilo ni kweli na ndio maana inabidi iwekwe kwenye masomo yenyewe isiwe ya kujitolea. Strathmore mwanafunzi wa digrii hamalizi bila masaa 200 ya kazi ya jamii, chuo cha USIU pia wana somo la namna hiyo. Wengine wanaenda kutafuta sahihi tu, nakubali, ila sura zikibadilika nafasi inabaki. Mtaa unajua Januari watakuja kumi, Mei kumi. Nyinyi ndio mwe na mtu wa kuwapokea, msiwaachie wazurure.

---

Mzee_Kipande

Vijana, nimesoma yote. Niruhusuni niseme la zamani kidogo.

Mnasema kana kwamba jambo hili ni geni. Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, mwendo mfupi tu kutoka hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akiongoza idara ya fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii walikaa na wakulima na wafanyakazi wakatengeneza mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu. Wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao. Na walisahihisha maneno ya maprofesa, wakisema mzee haongei hivi, msichana wa shambani hajibu hivi. Watu walikuja kwa malori kutazama. Oktoba ulianza kuonyeshwa, Novemba serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 lile jukwaa likabomolewa kabisa.

Basi huyu Lekchara anapoeleza kwa nini vyuo vyetu viliota kuta, Garissa ni sehemu, lakini woga ulianza kabla. Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tuliona mhadhiri akionekana mara nyingi mno na wananchi anaulizwa anatafuta nini huko.

Haya, nimemaliza. Na huyo mama wa mandazi asisahauliwe.

---

Mama_Madondo

Asante mzee wangu. Hii sikuwa najua na nimekaa barabara ya Limuru miaka sita.

---

Jirani_wa_Ukuta (Ijumaa)

Nimerudi. Samahani nimechelewa, jana nilitoka huko saa tisa na nikaenda moja kwa moja kwa mkutano wa chama kuulizwa maswali.

Sikuweka sahihi mwanzo, MsemaKweli. Binti wa mapokezi aliniangalia vile ulisema.

Tulikuwa sisi watano na wao kumi na moja. Saa nzima ya kwanza ni projekta, maono na dhima ya chuo, picha za miti (ile yetu, mbuzi hayupo). Nilipopewa nafasi nilisema mambo matatu tu, vile vingine ishirini nilikunja nikaweka mfukoni. Mlango, mtaro, na mtu mmoja mwenye simu.

Mtu mmoja mwenye simu tumepata papo hapo na nilishangaa. Ni mama wa ofisi ya ustawi wa wanafunzi, hata hakuwa ameketi mbele, nilipotaja habari ya Mama Madondo na daftari na mtoto aliyekaa bila kula alifunga kompyuta yake akasema "mimi ndio nilikuwa nahitaji kujua hayo". Amechukua nambari za vibanda tisa. Leo asubuhi amepiga simu mbili tayari.

Mtaro: mhandisi wao amesema atauliza idara. Niliomba tarehe akasema "hivi karibuni". Nikaandika juu ya karatasi ya mahudhurio "hivi karibuni = kabla ya tarehe 30" nikamwonyesha, akacheka, hakukataa. Tutaona. Vijana kulipwa wamesema hakuna bajeti, hapo tulibishana mpaka chai ikapoa na hatukumaliza.

Hata lile la watu wa utafiti kurudi na ukurasa mmoja lilipojitokeza kwenye mazungumzo wamekubali haraka sana mpaka naogopa.

Sasa mlango. Mkuu wa usalama alikuja amejiandaa na shimo, ana picha zake kwa simu, yuko tayari kabisa. Nikamwambia afande hatutaki shimo. Akanyamaza. Nikamwambia tunataka mlango mdogo wenye askari, saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, watoto wa shule na wenye kadi ya mtaa. Akauliza kadi atatoa nani, nikasema sisi na chifu. Hajasema ndiyo, amesema ataenda kupima mahali. Lakini mahali alipopataja kupima ni pale pale palipozibwa, simiti bado ina rangi tofauti.

Nilienda kumpa yule mama wa mandazi habari jioni, nikamkuta anakanda unga. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Na huo mlango, nikikaa karibu nao na beseni yangu, kanjo, askari wa kaunti, hawatanidai leseni?"

Mwenye anajua hiyo anijibu hapa tafadhali.